Wanatupatia Matangi ya Maji, Wanataka Ukuta wa Shule

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Makorora hapa Tanga mjini. Mwaka huu wazazi wenzangu walinichagua niingie katika kamati ya shule ya msingi anayosoma mwanangu wa kwanza, na jambo linaloninyima usingizi limetokea huko, ingawa nikitazama vizuri naliona hata ndani ya nyumba yangu.

Shule yetu ina shida ya maji. Bomba lipo, lakini siku nyingi halitoi hata tone, na watoto huja asubuhi wamebeba vidumu kutoka majumbani. Mwezi uliopita alikuja wakala wa kampuni moja ya vinywaji, kijana mwenye adabu na kauli nzuri, akasema kampuni yake iko tayari kutununulia matangi mawili makubwa ya kuvunia maji ya mvua na kumpa kila mwanafunzi madaftari. Nao wanaomba mambo matatu. Ukuta wa shule unaotazama barabara upakwe rangi za kampuni na kuchorwa chupa ya soda yao. Majalada ya madaftari yawe na picha ya chupa hiyohiyo. Na kila muhula kampuni iandae bonanza la michezo hapo shuleni, ambapo watoto watagawiwa soda bure, na wale wa madarasa ya juu watagawiwa kile kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho wenyewe wanakiita enaji.

Mwalimu mkuu ameelekea kukubali, wala simlaumu, kwa sababu ndiye anayeshinda na watoto wenye kiu. Wajumbe wengi nao wamefurahi. Niliposema kwamba sioni sababu ya chupa ya soda kuchorwa kwenye ukuta wa shule, mjumbe mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alinijibu mbele ya wote kuwa mimi nina bomba linalotoa maji nyumbani, ndiyo maana nachagua zawadi. Nilinyamaza, lakini maneno yale yaliniuma.

Kinachonifanya nisite ni ninachokiona kwangu. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, anakusanya vizibo vya soda. Kuna shindano la zawadi chini ya kizibo, na zawadi inayotajwa zaidi redioni ni baiskeli, nawe wajua mtoto wa Tanga anavyoipenda baiskeli. Akitoka madrasa hupita mitaroni na mbele ya migahawa ya Ngamiani akiokota, na vizibo vyake amevihifadhi ndani ya kopo chini ya kitanda. Fedha ninayompa anunue mihogo au machungwa wakati wa mapumziko siku hizi inaishia dukani, kwenye soda na pakiti ya kripsi yenye picha ya katuni. Mdogo wake wa miaka minne hajui kusoma hata herufi moja, lakini tukipita mbele ya duka lililopakwa rangi za kinywaji hicho huanza kuimba wimbo wa tangazo lake mpaka mwisho, kwa kuwa ameusikia kwenye simu ya binamu yake.

Mume wangu anasema tatizo ni mimi. Kwa maneno yake, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mama anayeshindwa kumnyima mwanawe shilingi mia tano asiusingizie ukuta.

Kikao cha kutoa uamuzi kimekaribia. Je, ni haki kuwakosesha watoto mia kadhaa maji kwa sababu ya picha? Sheria inasemaje? Na huyu mwanangu na vizibo vyake nimfanyeje bila kumfanya ajione ameonewa?

Mama wa Wawili,
Makorora, Tanga.

*

Marahaba, mwanangu.

Kwa kuwa kikao chenu kiko karibu, nitatanguliza jibu: matangi yaombeni, lakini ukuta, madaftari na ugawaji wa vinywaji mvikatae. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wakala ameyafunga pamoja ili kamati iyaone kuwa ni kitu kimoja. Shule inastahili maji kwa sababu ni shule, na hakuna mtoto anayepaswa kuyalipia maji hayo kwa kuoneshwa soda kila asubuhi katika miaka yake yote ya elimu ya msingi.

Yule mjumbe aliyesema unachagua zawadi aelezwe kwa upole kwamba kilicholetwa mezani ni biashara. Kampuni inalipa kwa matangi na madaftari, na inachonunua ni macho na mazoea ya watoto wenu. Nasema hivi bila kumchukia yule kijana, ambaye anafanya kazi aliyotumwa. Bango la barabarani hulipiwa, na mpita njia ana hiari ya kuligeuzia uso. Ukuta wa shule ni bango lenye watazamaji wasioweza kukosa kuja, tena lina kitu ambacho bango la kawaida halina, yaani heshima ya shule. Tunawafundisha watoto kwamba yaliyoandikwa shuleni ni ya kweli na yana manufaa kwao. Palipochorwa ramani ya Tanzania na mchoro wa mfumo wa usagaji wa chakula, chupa ya soda ikichorwa kando yake itasomwa kama somo jingine. Daftari, kwa maoni yangu, ni baya kuliko ukuta, kwa maana linaingia begini, linalala nyumbani, na kila mwalimu anapoagiza madaftari yafunguliwe huwa ameagiza tangazo litazamwe.

Sasa nizungumze na mumeo kupitia kwako, na ningependa umsomee kipande hiki. Ni kweli kwamba mzazi ana wajibu wa kukataa, na sitaki kumwondolea mzazi yeyote wajibu huo. Lakini neno lake linachukulia kwamba mtoto na tangazo wanakutana wakiwa sawa, na hilo si kweli. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia utafiti uliokuwapo likahitimisha kuwa watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kumshawishi mtu. Wanalipokea kama habari ya kweli. Binti yako anayeimba wimbo wa kinywaji hajui kwamba kuna mtu anayemuuzia kitu. Kwake ule ni wimbo, kama nyimbo anazofundishwa chekechea.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto 63 wa umri wa miaka mitatu hadi mitano vyakula vilevile mara mbili, kimoja kikiwa kimefungwa kwenye karatasi yenye nembo ya McDonald's na kingine kwenye karatasi isiyo na nembo. Watoto wengi walisema chenye nembo ndicho kitamu zaidi. Walisema hivyo hata kwa maziwa, na hata kwa karoti za kununuliwa dukani, ambazo hazikuwa na tofauti yoyote. Tazama uzito wa jambo hilo: picha kwenye karatasi iliingia mpaka kwenye ulimi wa mtoto ikabadilisha ladha anayoisikia. Mama wa mtoto wa namna hiyo akimtayarishia uji wa ulezi na kipande cha papai, anashindana na kazi iliyofanywa na watu waliosomea kazi hiyo na wanaolipwa kwa ajili yake.

Kijana wako wa miaka tisa amekwisha kuvuka umri huo, na pengine akiulizwa atakuambia kwamba lile ni tangazo. Hata hivyo, kujua kuwa ni tangazo hakumpi nguvu ya kulipinga, hasa linapobeba baiskeli. Shindano la vizibo limemfanya anunue kinywaji kwa ajili ya kitu kisichokuwamo ndani ya chupa, na aendelee kununua kwa kuwa kila kizibo kitupu kinamwachia tumaini la kinachofuata. Hapo sioni malezi mabaya. Naona watu wazima wamepanga mchezo wa kubahatisha na kumwalika mtoto acheze kwa fedha ya chakula chake.

Umetaja soda na enaji, basi tuvitazame kwa hesabu. Soda ya kawaida huwa na sukari ya gramu 10 hadi 11 katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37, sawa na vijiko vya chai tisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeelekeza kuwa sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anaipata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40. Chupa moja ya bonanza imekaribia kummalizia kiwango cha siku nzima, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi, ambayo kwetu huku pwani haina uhaba wa sukari.

Enaji ni jambo zito zaidi, na hapa sitaki kamati ifanye suluhu ya aina yoyote. Vingi vya vinywaji hivyo vina kafeini inayokaribia miligramu 30 kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 300 huwa na takriban miligramu 90. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kuwa kwa mtoto kiwango kisichotia wasiwasi ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 25 anafikia kikomo chake kwenye miligramu 75, na mtoto wa darasa la sita mwenye kilo 30 anakifikia kwa chupa hiyo moja. Chukua chupa yenyewe uende nayo kikaoni, utafute maandishi madogo nyuma ya lebo: kwenye vinywaji vya aina hiyo aghalabu huandikwa kwamba havifai kwa watoto na wajawazito. Mwombe mwalimu mkuu ayasome kwa sauti, kisha wajumbe waulizwe kama wako tayari kukigawa uwanjani, juani, kwa watoto wanaokimbia.

Utasikia hoja kwamba watoto wetu ni wembamba, kwamba unene ni shida ya Ulaya na Marekani, na kwamba soda kidogo itawaongezea mwili. Hoja hiyo ninaichukulia kwa uzito, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini udumavu unatokana na kukosa vyakula vinavyojenga mwili, pamoja na maradhi ya mara kwa mara, na sukari haijengi mwili. Inashibisha na kumwondolea mtoto hamu ya kile ambacho kingemjenga. Shilingi mia tano ya mwanao haiwezi kununua vitu viwili. Ikinunua soda, haikununua karanga, wala mahindi ya kuchemsha, wala chungwa la Muheza lililomenywa na kukatwa juu, wala mtindi, katika mkoa ambao una maziwa. Ndiyo maana siku hizi unaweza kukuta katika nyumba moja mtoto aliyedumaa na bibi anayeugua kisukari, wote wakilishwa kutoka duka moja la mtaani.

Hapa niseme neno kuhusu wale kina mama wanaouza getini, kwa kuwa mazungumzo ya namna hii yakianza wao ndio huwa wa kwanza kufukuzwa. Muuza mihogo, bajia au barafu za ubuyu hana wimbo redioni, hana mwanamuziki wa kumsifia na hana zawadi chini ya kizibo. Mafuta yake yakaguliwe na usafi wake usimamiwe, lakini asibebeshwe lawama ya matangazo ya kampuni.

Umeuliza sheria. Mei 2010 Mkutano Mkuu wa 63 wa Afya Duniani uliidhinisha mapendekezo kuhusu utangazaji wa vyakula na vinywaji kwa watoto, na pendekezo mojawapo linagusa kikao chenu moja kwa moja: mahali wanapokusanyika watoto, zikiwemo shule, chekechea na viwanja vya michezo, pasiwe na tangazo la aina yoyote la vyakula vyenye mafuta mabaya, sukari au chumvi kwa wingi. Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani kwa Afrika ilitoa vigezo vya kupambanua vyakula ambavyo havifai kutangazwa kwa watoto, vilivyotengenezwa kwa kuzingatia vyakula vya bara hili. Mwaka 2023 Shirika likatoa mwongozo mpya unaosema kwamba nchi ziweke masharti ya lazima badala ya kuziachia kampuni zijiwekee ahadi zenyewe, na kwamba ulinzi uwafikie watoto wa umri wote.

Nchi zilizochukua hatua zipo. Jimbo la Quebec nchini Kanada limezuia matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Chile ilianza mwezi Juni 2016 kuweka alama nyeusi za pembe nane kwenye vyakula vilivyozidi sukari, chumvi, mafuta au kalori. Vyenye alama hiyo haviruhusiwi kuuzwa wala kutangazwa shuleni, wala kuwekewa katuni na vitu vya kuchezea ili kuwavuta watoto. Watafiti waliofuatilia ununuzi wa kaya katika kipindi cha kwanza cha sheria hiyo walikuta kiasi cha vinywaji vyenye alama kilichonunuliwa kimepungua kwa karibu asilimia 24, ikilinganishwa na hali ambayo ingetarajiwa bila sheria. Uingereza nayo, tangu Januari 2026, hairuhusu matangazo ya vyakula vya namna hiyo kwenye televisheni kabla ya saa tatu usiku, wala matangazo yake ya kulipiwa kwenye intaneti wakati wowote.

Na sisi tuna mfano wetu, ambao watu wengi wameuona bila kuutambua. Mwaka 1981 dunia ilikubaliana kuhusu kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala ya watoto wachanga, na Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2013 zinazohusu jambo hilo. Kwa sababu hiyo kliniki haipambwi kwa mabango ya maziwa ya kopo na mzazi aliyejifungua hapewi kopo la bure ili alizoee. Tulikubali kwamba mama aliyelala wodini na kichanga chake asiwindwe na muuzaji. Soda, kripsi na enaji havimo katika kanuni hizo. Mtoto analindwa akiwa kwenye ziwa la mama, kisha akifika darasa la kwanza anaachiwa soko zima. Wala asikuambie mtu kwamba serikali yetu haiwezi kuzuia bidhaa yenye wanunuzi wengi. Machi 2017 viroba vya pombe viliondolewa madukani, na Juni 2019 ikawa zamu ya mifuko ya plastiki.

Kabla sheria kamili haijaja, kamati yenu ina mahali pa kusimama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18 na inataka maslahi yake yatangulizwe katika mambo yote yanayomhusu. Halmashauri ya Jiji la Tanga ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, mamlaka iliyopewa na sheria ya serikali za mitaa za mijini ya mwaka 1982, hivyo diwani wenu anaweza kupeleka hoja ya kuzuia mabango ya vinywaji vyenye sukari kwenye kuta za shule na jirani na mageti yake. Afisa lishe wa halmashauri aombwe aje kikaoni. Maneno haya yakitoka kwake hutakuwa tena mama mwenye bomba anayechagua zawadi. Na kama itaonekana kwamba zawadi za vizibo zinazotangazwa hazitolewi kama zilivyoahidiwa, malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani.

Nirudi kwenye matangi, maana wewe na mwalimu mkuu mnahitaji maji na si hotuba. Mwiteni yule kijana, mshukuruni kwa dhati, mwambieni kamati inapokea matangi na itaandika barua ya shukrani kwa kampuni na kuisoma mbele ya mkutano wa wazazi. Picha ya bidhaa isiwepo, wala rangi za kampuni kwenye tangi, kwa sababu mtoto mdogo husoma rangi kabla ya kusoma maneno, kama binti yako anavyokuthibitishia kila mnapopita mbele ya lile duka. Bonanza liendelee, na jezi ziwe za shule, na maji ndiyo yanywewe. Kampuni ikikubali, itakuwa imetenda wema na mtausema wema huo hadharani. Ikikataa, mtakuwa mmejua bila shaka yoyote kilichokuwa kikinunuliwa.

Ikikataa, msikae na kiu. Andikeni kwa mamlaka ya maji ya jiji kuhusu bomba lisilotoa, mkitaja siku linapokauka. Pelekeni ombi kwenye mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo. Wafuateni wafanyabiashara wa Ngamiani na watu waliosoma shule hiyo wakatoka, walioko Dar es Salaam na Uarabuni. Wengi wao, hasa ukikaribia mwezi wa Ramadhani, hutafuta mahali pa kutoa sadaka ya maji. Tangi moja lililonunuliwa kwa michango ya wazazi mwaka huu na jingine mwakani ni afadhali kuliko mawili yanayokuja na chupa ukutani.

Na mwanao sasa. Usivitupe vizibo vyake, kwa kuwa ni mali aliyoihangaikia, na ukivitupa utamfundisha kuvificha. Kaa naye jioni moja, na baba yake awepo. Mpe chupa ya soda asome mwenyewe lebo, atafute sukari kwa mililita 100, azidishe mpaka ifike ujazo wa chupa, kisha apime sukari hiyo kwa kijiko na kuimimina ndani ya glasi tupu. Mtoto wa miaka tisa anaiweza hesabu hiyo, na akiipima kwa mkono wake hutahitaji kumhubiria. Fanyeni hivyohivyo na ile juisi ya pakiti yenye picha ya embe: viungo huandikwa kwa kuanzia kilicho kingi, basi mwache atafute embe limetajwa nafasi ya ngapi. Kisha mwambie ukweli kuhusu baiskeli, kwamba vizibo ni vingi mno na baiskeli ni chache, na kama mnaweza, mumeo amwekee kibubu ambamo ile fedha ya soda itaingia kidogokidogo kwa ajili ya baiskeli ya mtumba. Kwa chakula cha mapumziko, siku unazoweza mfungie kitu kutoka nyumbani, maana fedha isiyokuwa mfukoni haishawishiki. Huyo mdogo asiachiwe simu ya binamu bila mtu mzima. Muwekeeni video zilizokwisha kupakuliwa, kwa sababu huko matangazo hayaingii katikati.

Wala usigeuze soda kuwa haramu nyumbani. Sikukuu ya Idi mtoto anywe soda na wenzake, arusini anywe. Ninachokipinga mimi ni kumzoesha kila siku, na kumzoesha kupitia shule yake.

Katika muhtasari wa kikao ombeni yaandikwe maneno haya, au yanayofanana nayo: "Kamati inapokea kwa shukrani msaada wa maji kutoka kwa mtu au kampuni yoyote, kwa sharti kwamba hakuna bidhaa ya chakula au kinywaji itakayochorwa, kuchapishwa, kutangazwa wala kugawiwa kwa wanafunzi katika eneo la shule, wala vifaa vyao vya kusomea havitabeba nembo yake." Mwenyekiti na mwalimu mkuu wasaini, nakala moja iende kwa afisa elimu kata na nyingine kwa afisa lishe. Ya diwani mpelekeeni mkononi kabla baraza la madiwani halijakaa, pamoja na ombi la sheria ndogo lililosainiwa na wazazi wengi kadiri mtakavyowapata.